Hata Kusini Tunahitaji Njiapanda ya Intaneti

Wanachuo wenzangu, kila video ikianza kuzunguka tu bila kufunguka, tunalaumu mnara. Mnara una makosa yake, sikatai. Lakini leo nataka tuzungumzie kitu ambacho huwezi kukiona ukisimama barabarani, yaani njia ambayo data inapita ikishatoka kwenye mnara. Hoja yangu ni kwamba mikoa ya Lindi na Mtwara inastahili kuwa na kituo chake cha kubadilishana data, na mahali pake ni Masasi.

Kituo hicho ni kitu gani? Kampuni za intaneti ziko nyingi na kila moja ina mtandao wake. Ukimtumia faili mtu wa mtandao mwingine, mitandao hiyo miwili lazima ikutane mahali fulani. Isipokutana hapa nchini, faili lako linaweza kuvuka bahari mpaka London au Marseille, likakabidhiwa huko, ndipo lirudi. Safari hiyo inalipiwa kwa dola, na anayeibeba gharama mwisho wa siku ni wewe na bando lako. Kituo cha kubadilishana data, ambacho wahandisi hukiita IXP, ni chumba chenye swichi, umeme wa uhakika na kiyoyozi. Kila kampuni inavuta waya wake mpaka pale, na data za ndani zinakabidhiwa palepale. Basi, hakuna muujiza.

Vifaa si bei ya kutisha. Kazi ngumu ni kuwafanya washindani wakubali kukaa chumba kimoja. Majirani zetu wa Kenya walilijua hilo mapema. Walifungua kituo chao cha KIXP jijini Nairobi mwezi Novemba 2000. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na wiki mbili hazikupita mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 kikiwa na leseni. Utafiti uliotolewa na Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba data za ndani zilizokuwa zikichukua milisekunde 200 hadi 600 zilishuka hadi kati ya 2 na 10. Ripoti yao nyingine ya mwaka 2020 ilisema sehemu ya intaneti ya Wakenya inayopatikana ndani ya nchi imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Na sisi hatukulala. Umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA, ulianzisha kituo cha TIX jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Arusha nao wakaanzisha cha kwao. Baadaye, kwa mkono wa TCRA, vikafuata vya Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Chukua ramani uweke nukta kwenye miji hiyo. Utaona kona moja ya nchi imebaki tupu, kona yetu ya kusini mashariki. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja anayesoma masuala ya kompyuta, alinicheka. "Kaka, kutoka Newala mpaka Dar mwanga kwenye mkongo unatumia milisekunde chache tu. Kituo Masasi cha nini?" Kwa upande wa kasi, yuko sahihi kabisa. Anayetegemea kituo cha Masasi kiongeze kasi kwa sababu ya ufupi wa njia, atangoja sana. Sababu zangu ni nyingine.

Ya kwanza ni msongamano. Kati ya Masasi na Dar kuna zaidi ya kilomita 500, na barabara ileile ya data inayobeba fomu ya mkopo ndiyo inayobeba marudio ya mechi ya Simba na Yanga, singeli mpya na vichekesho vya TikTok. Watu elfu moja wa Masasi na Newala wakiangalia video moja usiku mmoja, video hiyo inaweza kusafirishwa kutoka Dar mara elfu moja. Kampuni kubwa za video huwa ziko tayari kuweka seva za nakala pale mitandao inapokutana. Nakala ikikaa Masasi, video inasafiri kutoka Dar mara moja tu, halafu inagawiwa hukuhuku. Barabara inabaki wazi kwa yale ambayo lazima yaende mbali.

Na yapo mengi ya lazima. Msimu wa maombi ya mkopo, binamu yangu wa Newala alikesha siku mbili anajaribu kupakia vyeti vyake. Kila akifika asilimia 80, inagoma. Siku ya tatu alipanda gari kwenda Masasi, akalipia steshenari, kazi ikaisha kwa dakika kumi. Nauli, chakula, huduma, siku nzima imekwenda. Sisi tulioko chuoni tunasubiri boom kwa sababu kuna mtu aliyefanikiwa kupakia fomu. Wako ambao fomu zao zilikwama njiani, nao hatuwaoni madarasani.

Sababu ya pili ni usalama wa mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mapema mwezi huohuo mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya Lindi kwenda Dar, na mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja. Kwa data ni vilevile. Kama ujumbe wa kutoka Newala kwenda Masasi, mwendo usiofika kilomita 100, unalazimika kupitia Dar kwanza, basi njia ya Dar ikipata hitilafu majirani wawili hawasikilizani.

Fikiria korosho sasa. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unaendeshwa kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanachama wa AMCOS, chini ya TANECU kwa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, wanategemea mtandao kujua bei ya jasho la mwaka mzima. Mtandao wa huko umekuwa sehemu ya zana za kilimo, kama pampu ya salfa.

Wazee wa uwanda wa Makonde wanaielewa hali hii kuliko maprofesa. Mvua inanyesha juu ya uwanda, mchanga unaimeza yote, halafu maji yanatokea kwenye chemchemi bondeni. Bibi zetu waliteremka mabonde na kupanda tena na ndoo kichwani kufuata maji yaliyonyesha juu ya paa zao wenyewe. Data yetu nayo inateremka Dar, kisha tunainunua ikipanda.

Sasa, sitaki tudanganyane. Swichi peke yake ni sanduku la chuma. Kama lango la kila kampuni ya simu liko Dar, kituo cha Masasi kitakaa kitupu na kukusanya vumbi la mikorosho. Kwa hiyo naomba mambo matatu yaende pamoja. TCRA iweke kwenye masharti ya leseni kwamba kampuni zishushe malango yao mpaka Kusini. Seva za nakala ziletwe tangu siku ya kwanza. Na wateja wa kuanzia wawe wale wasiohama: halmashauri, Hospitali ya Ndanda, Chuo cha Ualimu Kitangali, shule za sekondari, TANECU na MAMCU.

Kwa nini Masasi na si Mtwara mjini? Kwa sababu Masasi ni njiapanda tayari. Barabara za Lindi, Newala na ile ya kwenda Tunduru na Daraja la Umoja mpakani mwa Msumbiji zinakutana pale, na Mkongo wa Taifa umeshafika. Wa Mtwara mjini wakikasirika, waandike makala yao, tutajibizana.

Serikali yetu ya wanafunzi huandika barua kuhusu boom, maji ya hosteli na bei ya chakula cha kantini. Iandike na hii, kwa TCRA na kwa TISPA, na wanaosoma uhandisi wa mawasiliano waambatanishe michoro. Kila mwaka wanatafuta mada za mradi wa mwisho wakirudia madesa ya waliotangulia. Mada hii hapa, na haijaguswa.

Naomba kutoa hoja.