Sura Tuliyoizoea, Mchezo Mpya



Mchezo mpya wa kuchekesha ukitangazwa katika televisheni, watu huuliza kwanza: Nani yumo? Wakisikia jina la mwigizaji wanayempenda, wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Wanamtaka afanye yale yale ya zamani. Asipofanya, wanasema mchezo hauna ladha.

Wengi wetu tunamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini katika mchezo alisema Kiswahili kwa matamshi ya Mjaluo. Mama Kayai, jina lake la kweli Mary Khavere, alikuwa mke wake katika mchezo tu. Hata hivyo watu wengi waliamini kuwa wale ni mume na mke kweli. Mzee Wanjau alifariki mwaka 2015, na bado watu wanamwita Ojwang.

Mwaka 2007 kituo cha Citizen cha Nairobi kilileta mchezo mpya, Papa Shirandula. Mwigizaji mkuu alikuwa Charles Bukeko, mtu wa mwili mkubwa. Papa ni mlinzi wa lango. Lakini mke wake, Wilbroda, hajui. Anadhani mume wake ana kazi kubwa ofisini. Basi Papa anatoka nyumbani amevaa suti. Akifika kazini anaivua, anavaa sare ya ulinzi. Wakati wa kurudi nyumbani, suti tena.

Ukiutazama mara ya kwanza unaweza kukasirika. Nani kati yetu hana ndugu anayelinda lango la mtu mjini? Anakesha kwenye baridi ili watoto wapate karo. Je, huyo ni wa kuchekwa?

Mimi nasema, tazama tena. Sare haichekeshi. Suti ndiyo inayochekesha. Papa angesema ukweli siku ya kwanza, mchezo ungekwisha siku hiyo hiyo. Amesema uongo mmoja, sasa anatafuta wa pili wa kuufunika, na wa tatu wa kuufunika wa pili. Na mtu wa namna hii tunamjua. Anakuja nyumbani wakati wa Krismasi, viatu vinang'aa. Anatusimulia habari za ofisi yake mpaka chai inapoa. Siku ya kurudi mjini, nauli anamkopa mama yake.

Liko jambo moja la kunung'unikia. Michezo yetu mingi ya kuchekesha inategemea matamshi ya makabila. Huyu akisema hivi, tucheke. Yule akisema vile, tucheke. Matamshi peke yake yanachosha upesi. Papa alidumu zaidi ya miaka 10 kwa sababu alikuwa na siri ya kuficha, na sisi tulitaka kujua itafichuka lini.

Bukeko alifariki mwezi wa Julai 2020. Mpaka leo Jacky Vike, aliyeigiza Awinja, msichana wa kazi za nyumbani, anaitwa Awinja na watu wengi. Ukimwona yeye au mwenzake katika mchezo mpya, mpe nafasi awe mtu mwingine. Usikate shauri jioni ya kwanza. Siku hiyo waigizaji wenyewe bado wanazoeana. Ngoja jioni ya pili na ya tatu. Jiulize: mtu huyu anaficha nini? Anamwogopa nani?

Na mkiwa darasani, zungumzeni jambo hili. Papa angekuwa mtu wa kijiji chenu, nawe umekwenda mjini ukamkuta langoni na sare yake. Unarudi nyumbani, Wilbroda anakuuliza, "Habari za mume wangu?" Utamjibu nini?