Mgeni Aanzie Upande wa Wamirihi

Siku hizi kila mwenye taa za rangi na mashine ya moshi anataka “kumwingiza mtu ndani ya hadithi”. Haya, mwingize. Lakini akishaingia, ameingia kama nani? Hilo hawajibu, na kwangu ndilo la kwanza. Rangi ya taa tutaijadili baadaye.

Nauliza kwa sababu wenzangu watatu, wasomaji wazuri tu, wameniletea mchoro wa maonyesho ya kutembea ndani wanayotaka kuyajenga kutokana na The War of the Worlds ya H. G. Wells. Vyumba saba. Cha kwanza giza na king’ora, cha pili moshi, cha tatu mashine ya miguu mitatu ya mbao na mabati inakuinamia, halafu ni mbio, mbio, mbio mpaka kwenye meza ya fulana. Mchoro ni safi, na jamaa mabati wanayajua. Tatizo ni kwamba mgeni wao ni mhanga tangu mlangoni hadi kwenye fulana. Kwa mpango huo wanakiua kitabu kabla Mmirihi hajamgusa mtu.

Fungua ukurasa wa kwanza uone. Wells haanzi na vilio. Anaanza kule juu, kwa wanaotazama: binadamu wanachunguzwa kama vidudu ndani ya tone la maji chini ya hadubini. Na kabla hujapata nafasi ya kuwachukia hao watazamaji, anakushika mkono. Anakukumbusha wenyeji wa Tasmania, waliofagiliwa na wahamiaji kutoka Ulaya ndani ya miaka 50, kisha anauliza tuna usafi gani wa kulalamika Wamirihi wakitufanyia vilevile. (Aliandika kana kwamba Watasmania wameisha kabisa. Si kweli, wazao wao wapo hadi leo.) Hiyo ni sura ya kwanza, jamani, wala si tanbihi. Msomaji wake Mwingereza wa mwaka 1898 anaambiwa kwamba Mmirihi ni yeye. Ndipo Wells anapoishusha mashine karibu na Woking, mji aliokuwa akiishi mwenyewe na kuuzunguka kwa baiskeli, akichagua nani afie wapi. Kibao kinamgeukia msomaji akiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1978 Jeff Wayne alitoa albamu yake ya muziki iliyotokana na kitabu hiki. Ule ufunguzi wa watazamaji wa angani upo, tena umesomwa kwa sauti nzito ya Richard Burton. Tasmania haipo. Mwaka 2019 albamu ikazaa maonyesho ya kutembea ndani jijini London: waigizaji, picha za mwanga, miwani ya uhalisia pepe, na baa. Kazi kubwa ya ufundi, sibishi. Ila muziki ulishamwondoa mshtakiwa, akabaki mhanga peke yake, na mhanga mwenye tiketi ni mtu anayestarehe. Anakimbia, anapiga yowe, anakunywa. Wenzangu wamerithi mpangilio huo huku wakidhani wamerithi Wells.

Najua watakachonijibu: sisi si Waingereza, kwa hiyo nafasi ya mhanga ndiyo yetu kihalali. Kidogo wana haki. Tarehe 27 Agosti 1896, meli za kivita za Uingereza zililipiga kwa mizinga jumba la sultani Unguja kwa muda wa kama dakika 38. Upande wa Khalid bin Barghash waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hadithi ya Wells ikaanza kutoka kwa mfululizo katika Pearson’s Magazine mwaka uliofuata. Sidai kwamba aliiandika akiifikiria Unguja. Ninachosema ni kwamba msomaji wa pwani hahitaji kuvalishwa miwani ili aelewe moto unaotoka kwenye chombo asichoweza kukifikia. Hilo analijua kwa simulizi za nyumbani. Asichokijua ni kusimama kwenye sitaha ya ile meli na kuona kazi ilivyo nyepesi, asubuhi moja tu, kabla ya chakula cha mchana. Na tusijidanganye kwamba sisi hatuna watu tunaowatazama kutoka juu. Panda ghorofa yoyote mjini utazame chini, kisha ujisikilize unavyowataja.

Kwa hiyo mlango wa maonyesho uwe juu. Mgeni apande ngazi kwanza, apewe darubini, karatasi na penseli. Chini, nyuma ya kioo, kuna watu wanatembea bila habari. Aandike: wako wangapi, nani mdhaifu, nani angefaa kwa kazi gani. Wamirihi wa Wells hujidunga damu ya binadamu, kwa hiyo swali la nani mnene si utani. Akimaliza, karatasi aitumbukize kwenye tundu. Halafu ateremke. Huko chini kile kioo ni kioo cha kujitazamia, huoni kitu zaidi ya sura yako, na karatasi zinaanguka sakafuni moja moja. Aokote asome alivyoandikwa na kundi lililo juu saa hiyo. Kundi la kwanza la siku litawatazama wafanyakazi wakifagia, haina shida.

Kisha chumba kimoja cha kukaa kimya. Msimulizi wa Wells anafungiwa ndani ya nyumba iliyobomoka pamoja na kasisi aliyerukwa na akili. Wakiwa humo, ili kelele zisiwaponze, anampiga kasisi kichwani. Wenzangu chumba hicho wamekiruka, eti watu hawalipi kukaa kimya. Orson Welles mwaka 1938 alikuwa na redio tu. Aliihamishia hadithi New Jersey, na pale mtangazaji wake anapokatika ghafla akiwa anaeleza moto unavyomjia, kinafuata kimya cha sekunde chache ambacho watu wanakitaja hadi leo. Hofu ya usiku ule magazeti yaliikuza mno, lakini kile kimya hakikukuzwa na mtu.

Na chumba cha saba! Wameweka kitufe. Wageni wote wanakibonyeza kwa pamoja, mashine inaanguka, makofi. Kitufe cha nini? Kitabuni mizinga imeshindwa, jeshi limekimbia, London imehamwa, na Wamirihi wanakufa kwa vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Hakuna aliyeshinda. Msimulizi anapita kwenye mitaa mitupu akisikia sauti yao ya mwisho, na hajafanya lolote la kupigiwa makofi. Ukitaka shujaa, vitabu vyenye mashujaa vimejaa, kachukue kimojawapo.

Kitufe nimekifuta kwa kalamu nyekundu na mchoro nimewarudishia. Wamenijibu kwamba ngazi itaongeza gharama. Nimewaambia wapunguze mabati.