Tunawaenzi Wafu, Tunawapa Kisogo Wazao Wao

Mjini Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lipo jumba la makumbusho liitwalo Origins Centre, lililofunguliwa mwaka 2006. Humo huoneshwa zana za mawe za binadamu wa kale na michoro ya miambani ya Wasani: pofu, wachezaji wa ngoma, waganga. Ni jumba la kuheshimika, nami sina ugomvi na kuta zake. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya dola zetu za Kiafrika ya kuwatukuza wafu huku zikiwapa kisogo wazao wao.

Tazama nembo ya taifa la Afrika Kusini. Tangu mwaka 2000 inabeba sura za watu zilizotokana na mchoro wa Wasani, pamoja na kaulimbiu ya Kixam. Kixam hakina tena mzawa hata mmoja anayekizungumza. Taifa limejipamba kwa maneno ya lugha iliyokwisha kuzikwa.

Wapo watakaonijibu kwamba makumbusho ni kazi ya sayansi, si idara ya ustawi wa jamii. Basi na tuihoji sayansi hiyo. Katika miaka ya 1870, mjini Cape Town, Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika maelfu ya kurasa za simulizi za Wasani, ambao kadhaa wao walikuwa wafungwa. Karne moja baadaye, mtaalamu David Lewis-Williams alizitegemea kurasa hizo alipodai kwamba michoro ile si pumbao la wawindaji, bali ni kumbukumbu ya imani na ya safari za waganga katika ulimwengu wa mizimu. Kumbe aliyetufungulia mwamba ni mfungwa, kwa ulimi wake. Pasipo ulimi huo, tungebaki kuhesabu pofu.

Nasi Watanzania tusicheke. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka huohuo wa 2006. Si mbali na miamba hiyo wanaishi Wasandawe, wenye lugha ya vidoko, ambao watafiti wamewahusisha na sehemu ya michoro hiyo. Hawa wangali hai, lakini mtoto wa Kisandawe anafundishwa shuleni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Lugha ya bibi yake haina dawati darasani.

Kwa hiyo nasema: kabla ya kujenga ukumbi mwingine wa vioo, tuirekodi lugha hiyo na kuifundisha. Wazee wake na waajiriwe kuwa walimu wa miamba, walipwe kama wataalamu, na wawe na sauti katika maamuzi na mapato ya urithi huo. Mwamba una subira ya miaka elfu. Mzee hana.