Simu Haihesabu Wagonjwa Wote

Wako wataalamu wasemao kwamba maradhi yaweza kutambuliwa mapema kwa kusoma yale ambayo watu huandika kila siku katika simu zao. Mtu mmoja akiandika kwamba ana homa, si habari. Wakiandika elfu moja wa mji mmoja, yafaa daktari aamke.

Jambo hili hatulidharau. Kipindupindu kilipozuka Haiti mwezi wa Oktoba 2010, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika siku 100 za kwanza maneno ya watu katika Twitter, pamoja na habari za intaneti, yalipanda na kushuka karibu sawa na hesabu za serikali, nayo yalipatikana mapema, hata kwa wiki mbili. Ugonjwa ule huweza kumwua mtu kwa saa chache.

Lakini na tusikilize habari ya Marekani. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianza kukadiria homa ya mafua kwa maswali ambayo watu waliuliza katika mtambo wake. Mwaka uliofuata ikaja H1N1, na makadirio yakapungua mno. Kisha yakazidi: tangu Agosti 2011 hata Septemba 2013 yalipita kiasi katika wiki 100 kati ya 108. Maana mwenye afya akitishwa na magazeti (nasi wa magazeti tukiri sehemu yetu) naye huuliza habari za mafua. Mwaka 2015 kampuni iliacha kutangaza makadirio hayo. Na ni kitu gani kilichofichua kosa? Ni hesabu za madaktari waliowaona wagonjwa kwa macho yao.

Tena, mama asiye na simu haandiki kitu mtoto wake akiharisha. Katika mitambo hiyo nyumba yake ni nyumba ya wazima.

Liko na la umilikaji. Mwaka 2023 wenye Twitter waliwafungia wachunguzi mlango uliokuwa wazi bure, wakataka malipo. Maneno yameandikwa na umma, ufunguo anao tajiri.

Kwa hiyo akitokea mkubwa yeyote kushauri kwamba karani wa zahanati apunguzwe kwa kuwa simu zitatuambia, wanachama wamkatalie mkutanoni. Simu na zisikilizwe. Lakini karani yule apewe daftari, kalamu, na mshahara wake kwa wakati.