TIBA YA JENI NA WAZEE WA MAZINDE

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Korogwe kwenda Same, akiisha kuipita Mombo, hufika Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Nchi hii ni nchi ya mkonge. Wazee wengi wa wilaya ya Korogwe walitumia nguvu za ujana wao kukata majani, kulisha korona na kuanika katani, na Taifa likapata fedha za kigeni kwa jasho lao. Leo, katika vijiji vya namna hiyo, mzee akisahau jina la mwanawe, au akipotea njia aliyoikanyaga miaka 50, watu husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Na akiwa ni bibi, huenda yeye mwenyewe akaitwa mchawi. Hapo maradhi hugeuka kuwa hatari ya roho.

Sisi twasema kwamba hayo si uzee wala si uchawi. Ni maradhi ya ubongo, na yaliyo mengi zaidi miongoni mwake ni yale aliyoyaeleza daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye maradhi ya kusahau ya namna hii, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi haya si maradhi ya matajiri.

Wataalamu wa Marekani wanatafuta tiba yake katika jeni, yaani zile amri za urithi zilizomo katika chembe za mwili. Huchukua kirusi kilichoondolewa uwezo wa kudhuru, wakakipakia jeni njema kama punda apakiwavyo mzigo, kisha wakakipeleka ubongoni. Kazi hii ina mashaka yake. Jaribio moja la wagonjwa 49, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, halikuleta nafuu. Na ubongo wa baadhi ya waliofariki ulipochunguzwa, ilionekana kwamba dawa haikufika mahali ilipokusudiwa.

Jaribio jingine, lililotoa matokeo mwaka 2024, lilihusu jeni iitwayo APOE. Jeni hii ina sura tatu, ya pili, ya tatu na ya nne. Aliyerithi sura ya nne kwa baba na kwa mama yu katika hatari kubwa. Mwenye sura ya pili amekingika kiasi. Waganga wakawapa watu 15 wa kundi la kwanza ile sura ya pili, na baadhi ya alama za maradhi zikapungua kwa wengi wao. Ni mwanzo mwema, lakini watu 15, tena pasipo kundi la kulinganisha nalo, hawatoshi kuthibitisha dawa.

Yatupasa sasa kuuliza: hesabu hiyo ya hatari ilifanywa kwa damu ya nani? Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2001, Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Maradhi ya Alzheimer yaliwapata watu wa Indianapolis zaidi ya mara mbili ya watu wa Ibadan. Na ile sura ya nne, ambayo si haba kwa Wayoruba, haikuonekana kuwadhuru kama iwadhuruvyo Wazungu. Je, ni chakula? Ni kazi za mikono? Au kuna jeni nyingine inayowakinga? Tiba itakayotengenezwa bila kulijua jibu yaweza isitufae sisi, na jibu lenyewe pengine limo miilini mwetu.

Liko pia jambo la bei. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya jeni ya selimundu, na huko Marekani bei yake ikatangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Kijiji kizima kikiuza mifugo na mashamba yake, hakitatibu hata mtoto mmoja!

Wako watakaosema kwamba mambo haya yatupita kimo. Twawajibu kwamba Korogwe yenyewe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Wilaya iliyoweza kuwatoa watoto wake kwa faida ya ulimwengu yaweza kuwachunguza wazee wake.

Njia imekwisha kuonyeshwa Kilimanjaro. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kama watu sita katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi haya. Wataalamu wa kazi hiyo wakatengeneza kipimo kimfaacho hata asiyejua kusoma: mzee huambiwa akumbuke maneno 10, aeleze daraja ni kitu gani, apange njiti za kiberiti. Hakihitaji daktari bingwa. Mhudumu wa afya aliyefundishwa aweza kukitumia.

Twaiomba Wizara ya Afya ikilete kipimo hicho katika zahanati za Korogwe na Handeni, na wazee wakipimwa, wapimwe pia shinikizo la damu na masikio, maana yote mawili huongeza hatari ya maradhi haya nayo yanatibika leo kwa fedha kidogo. Wale wazee watakaoridhia kutoa damu ichunguzwe jeni, uchunguzi huo ufanywe na vijana wetu, humu nchini, kwa mkataba unaotaja bei ya dawa kabla ya sindano ya kwanza. Na mwenyekiti wa kijiji atakayesikia bibi akiitwa mchawi kwa sababu ya kusahau, ampeleke zahanati siku hiyo hiyo, na wanaomtishia awapeleke polisi.