Simu ya Zamani Usiiuze, Ichomeke Kwenye Kompyuta

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wewe mwenye kompyuta ya mtumba dukani, hotspoti inakusumbua na umeshaanza kuulizia bei ya ruta. Subiri kwanza. Hiyo hela ni mzigo, iongeze kwenye mzigo.

Mimi nauza viatu vya kike Instagram na WhatsApp. Picha na oda zote naziandaa kwenye kompyuta, na intaneti natoa kwenye simu ya zamani ambayo kioo kimepasuka na betri ndo hivyo tena, ukiichomoa kwenye chaji haifiki mbali. Simu kama hiyo ukiiwashia hotspoti inachemka kama pasi, inazima wakati mteja anasubiri picha ya saizi 38. Mteja hasubiri, anahamia kwa mwingine. Ukitumia waya, kompyuta inaichaji huku inavuta mtandao. Na kompyuta nyingi za mezani za mtumba hazina Wi-Fi kabisa, kwa hiyo umeokoa na hela ya kifaa kingine. Halafu jirani hawezi kukuomba paswedi ya waya 😂

Chomeka waya kwanza, ndo uingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, pale penye hotspoti, uwashe palipoandikwa USB tethering. Usipoanza na waya hapo panakuwa pa kijivu, hapabonyezeki, na watu wanasema simu mbovu. Android ina kitu hiki tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010, kwa hiyo usiniambie yako imepitwa na wakati. Ikigoma, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi za bei chee zinapitisha chaji tu. Ukienda kununua, jaribu palepale kuhamisha picha.

Ukweli ni kwamba waya hauongezi spidi. Kama fremu yako mtandao unashika kwa shida, nunua waya mrefu kidogo uiweke simu dirishani.

Sasa bando, hapa ndo watu wanalia. Windows ikiona waya inadhani uko kwenye intaneti isiyo na kikomo, inaanza kujisasisha na kupakia mafaili kimyakimya. Ingia mipangilio ya Windows, kwenye mtandao, fungua Ethernet, washa Metered connection. Haizuii kila kitu ila inapunguza sana. Fanya hivyo siku ya kwanza kabla hujaweka bando la mwezi.

Na laini ya kwenye hiyo simu iwe ya intaneti tu, namba ya wateja ibaki kwenye simu nyingine. Simu nyingi za zamani mtu akipiga zinashuka kutoka 4G, na intaneti ya kompyuta inazubaa mpaka mmalize kuongea.