Neno la Mhariri: Baada ya Bendera Kushuka

Tarehe 14 Oktoba 2024 mbio za Mwenge wa Uhuru zilifikia kilele hapa Mwanza, katika Uwanja wa CCM Kirumba. Ilikuwa miaka 60 tangu mbio hizo zianze mwaka 1964, na miaka 25 tangu Mwalimu Nyerere atutoke. Kutoka uwanjani hadi Mwaloni, soko la dagaa na samaki, si mbali. Kesho yake huko mizani ilikuwa kazini kama kawaida. Toleo hili linahusu hiyo kesho yake.

Hatuzibezi sherehe hizi. Anayeziita mchezo wa kuigiza hajapita jirani na kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni, filimbi ikalia na bendera ikaanza kushuka. Bodaboda anazima pikipiki. Mama mwenye beseni la sato kichwani anasimama wima. Mgambo na machinga, waliokuwa wakikimbizana mchana kutwa, wanatazama upande mmoja. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 halikufika hapo kwa bahati. Wala heshima hiyo haihitaji fimbo: mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa, kwa sababu ya imani yao, kuimba wimbo wa taifa. Nchi haikutetereka.

Hoja yetu ni nyingine. Sherehe ya kizalendo ina maana pale tu inapomfunga mtu kwa jambo linaloweza kukaguliwa.

Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Vijana nchini kote walikuwa wakitembea vivyo hivyo kuunga mkono Azimio la Arusha. Matembezi yale nayo yalikuwa sherehe, yenye nyimbo na mabango. Lakini Azimio lilikuwa na masharti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Unaweza kuyapinga masharti hayo, na wengi waliyapinga, ila huwezi kusema hukujua kiongozi ameahidi nini. Leo tunaapa kuipenda nchi, na kuipenda nchi hakuna mkaguzi.

Gharama ya pengo hilo sisi wa kanda ya ziwa tunaijua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji maelezo. Bendera zilipepea nusu mlingoti kwa siku nne, na ilikuwa haki kuomboleza hivyo. Lakini bendera ilihitajika zaidi mapema siku ile, kabla kamba hazijafunguliwa, moyoni mwa kila mwenye mamlaka ya kusema: kimejaa, subirini safari ijayo. Kitendo hicho kisicho na wimbo wala gwaride kingekuwa uzalendo mkubwa kuliko hotuba zote zilizofuata.

Ndivyo ilivyo hata kwa mvuvi anayerudisha majini sangara mchanga ingawa jirani yake anavuta kokoro usiku, kwa karani asiyedai "ya soda" ili faili lisogee, na kwa mwalimu anayeingia darasani baada ya paredi badala ya kurudi ofisini kuchati.

Kurasa zinazofuata zinajadili viapo, gwaride, mwenge na wimbo wa taifa. Zisome ukiwa na swali la kazi yako mwenyewe: niliahidi nini, na nani anaweza kunikagua? Na kwa wanaopanga sherehe zijazo tuna ombi moja. Kila kiongozi anayepanda jukwaani ataje ahadi moja yenye tarehe na kipimo, kisha mwaka unaofuata, kabla hajapokea mwenge, asomewe hadharani alichotimiza na alichoshindwa.